Kitufe Chekundu Kwenye Madigadi ya Trekta Lako

Hamadi, swahiba wangu,

Salamu kutoka Kariakoo. Najua hutaitikia, lakini hata ulipokuwa hai uliitikia kwa kidevu tu, kwa hiyo sijazoea majibu marefu kutoka kwako. Nimekaa hapa mtaa wa Gerezani, kwenye lile benchi letu la mbele ya gereji, naandika juu ya goti. Mwandiko wangu unaujua. Mimi na shule tuliachana darasa la tano kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Shule haijafika Guangzhou. Mimi nimefika.

Habari kubwa ni hii: trekta lako linafanya kazi.

Tulipotoka kukuzika, shemeji alisema neno moja tu juu yake. Likatwe, liwe vyuma chakavu. Hata kuliuza hakutaka, maana litakwenda kwa mume wa mwanamke mwingine. Zuhura naye, mwanao mwenye ulimi wa bibi yake, akasema haliguswi, ni kazi ya baba, na msimu wa mahindi ukifika atalipeleka Kilosa mwenyewe na mashine ya kupukuchulia nyuma. Basi mama na binti wakawa wanaishi nyumba moja pale Magomeni, wanapitishiana chumvi bila kusemeshana. Mimi nikawa posta yao. "Ba'mdogo, mwambie mama." "Shemeji, mwambie huyo mwanao." Na wote wamekaa mkeka mmoja, Hamadi.

Unanijua, siwezi kuona ugomvi nikanyamaza. Nikasimama katikati ya ukumbi nikatangaza kwamba nitalitia adabu trekta lile, lizimike kwa mkono wa mtu aliyesimama nyuma, bila kupanda kitini. Shemeji akanigeukia. Akasema, "Nikiliona kwa macho yangu, Zuhura aende. Nisipoliona, Jumatatu linakatwa." Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema. Nilikuwa sijui.

Kwa nini nyuma? Vijana uliokwenda nao Kilosa walikuja msibani wakanieleza. Siku ile uliingiza gia ya PTO, shafti ya nyuma ikaanza kuizungusha mashine, kisha ukashuka kusaidia kumwaga mahindi. Ndio kawaida yenu. Dereva anayebaki kitini mnamwita bwana harusi. Joto lilikuwa kali, ovaroli umeivua nusu, mikono yake umeifunga kiunoni, vile tunavyofunga wote hapa Gerezani tangu ujana tukiona ndio ufundi wenyewe. Shafti haikuwa na kava. Ikaudaka mkono wa ovaroli. Vijana wakakimbilia kitini wakazima ufunguo. Walizima kweli, Hamadi. Injini ikaendelea. Wale wamekulia kwenye bodaboda, wanajua ufunguo ukizimwa chombo kinazimika. Nani aliwaambia kwamba dizeli ya zamani inazimwa kwa kuivuta ile kamba iliyo chini ya usukani? Wewe ulijua. Na wewe ulikuwa nyuma.

Hapo nimenyanyuka nimekunywa maji, nimerudi.

Kutafuta kitu Kariakoo ndiyo kazi yangu. Sisi mawinga hatuna duka, duka letu ni miguu na mdomo. Mteja anakaa kwenye kiti cha mtu, anakunywa soda ya mtu, mimi nazunguka na sampuli mkononi mpaka nipate inayofanana nayo. Lakini safari hii sikuwa na sampuli. Nikapata kifaa cha umeme cha kufunga mafuta kwenye pampu. Nikapata na kitufe chekundu, kichwa kama uyoga. Muuzaji ni yule mzee wa Kihindi anayekaa Upanga, anayefunga duka kwenda kula mchana hata ukimletea wateja wa dunia nzima. Akaniuliza, "Seif, unataka ya kupeleka umeme au ya kukata?" Nikamjibu nataka nyekundu. Winga hapendi swali asilolijua.

Fundi Mashaka, wa umeme wa magari, akafunga kama nilivyomletea. Akauliza kitufe kikae wapi. Nikamwonyesha kwenye madigadi, upande wa kushoto. Hakuuliza kwa nini pale. Vijana walinionyesha mahali ulipokuwa unapapiga kwa kiganja shafti ilipokudaka. Wewe uliyekuwa huna makelele, ulikuwa unabisha hodi.

Jumamosi shemeji akaja na mwanao. Akakaa kwenye benchi hili hili, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi. Tukawasha. Shafti ikazunguka ndani ya kava jipya. Nikakiendea kitufe kwa madaha, nikabonyeza. Kimya. Mafundi wakapiga makofi, mimi nikainama kama msanii. Zuhura hakupiga.

"Ba'mdogo, na waya ukikatika?"

"Huu haukatiki, mama. Huu ni waya wa kimataifa."

"Panya wa Kilosa hawajui kimataifa."

Akauchomoa waya, akawasha, akabonyeza. Trekta likanguruma kama halijaambiwa kitu. Akabonyeza tena. Nikamwona shemeji anaokota mkoba.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la yule mzee. Kitufe changu kilikuwa kinapeleka umeme ukibonyeza. Waya ukikatika, hakina cha kupeleka, na wewe unabonyeza pambo. Tulitakiwa kufunga kinyume chake: umeme upite muda wote, uyashikilie mafuta yawe wazi. Ukibonyeza, unakatika. Waya ukiachia, unakatika. Panya akila, unakatika. Na umeme ukikatika, mafuta yanafungwa, injini inakufa. Kama mlinzi wa geti: asipoitika, unajua kuna jambo.

Nikamwomba shemeji asubiri mpaka adhuhuri. Akasema, "Hamadi alikuwa akisema mdomo wako ni wa kupunguza nusu, lakini miguu yako haijawahi kumdanganya. Nenda." Sikujua kama uliwahi kunisifu. Ungenambia mwenyewe ningekusumbua mwaka mzima, ndio maana ukanyamaza.

Nikakata Msimbazi mbio, tumbo mbele, kina dada wa vitenge wananiuliza, babu, nani kafa? Mzee wa Kihindi alikuwa ameshashusha geti nusu. Akaniona, akalipandisha. Vitu vilikuwa tayari kwenye kaunta. "Wewe lazima urudi," akasema, na chakula chake kikapoa tukivikagua kimoja kimoja, kitufe na kifaa cha pampu, maana safari hii nilikubali kuulizwa.

Fundi Mashaka akafunga upya. Zuhura akawasha, akachomoa waya. Likazimika. Akaurudisha, akawasha tena, akasogea pembeni. Shemeji akanyanyuka mwenyewe. Akakunja ushungi wake, akauchomeka vizuri shingoni, akalisogelea lile trekta ambalo hajalikaribia tangu msiba. Akakipiga kitufe kwa kiganja. Injini ikakata. Shafti ikazunguka bado kidogo, kama feni umeme ukikatika, ikatulia. Yeye mkono hakuutoa.

Kisha akageuka. Hakunitazama mimi. Akamwambia mwanao, "Ovaroli usifunge kiunoni."

"Sifungi, mama."

Nikajua kazi ya posta imekwisha.

Sitaki nikupambie, ingawa kupamba ndiko kunakonilisha. Fundi Mashaka kaniambia wazi kwamba shafti ikishamdaka mtu, huenda kitufe kisimuwahi. Ndio maana kava halitoki tena. Ndio maana dereva anakaa kitini, na Zuhura kawaambia vijana atakayemwita bi harusi arudi Dar kwa miguu. Kabla hawajaondoka aliwapanga mstari, kila mmoja akapita akakibonyeza, ili mikono yao ipajue. Sasa wako Kilosa. Jana kapiga simu, lakini kampigia mama yake.

Mimi nimebaki na wateja wangu. Akija mtu na sampuli ya shafti, namuuliza kwanza: likiwa linazunguka, aliye nyuma analizima vipi? Wengi wanacheka. Wakimaliza kucheka, nawahadithia habari zako. Nakuahidi, shafti haitapita mikononi mwangu bila kava na bila swali hilo, hata kama mteja atakwenda kwa winga mwingine.

Pumzika, Hamadi. Hodi yako imesikika, japo tumechelewa. Ijumaa nitakuja kukusomea Fatiha, na nitajitahidi nisiongeze hotuba.

Ni mimi Seif wako,
posta mstaafu.