Nimetulia, Nitafute

Na simu ikakatika palepale, Dada yangu mpenzi, uliponiuliza kama tumefaulu. Chaji ndiyo iliyokwisha, usidhani nilikuwa nalia. Basi nimeamua kuandika, maana furaha hii haienei kwenye simu. Kwanza, hamjambo? Watoto wazima? Goti la Mama limepata nafuu? Sisi huku tunameremeta. Shemeji yako ameniegemea begani anasoma kila neno, nami namfukuza, harudi nyuma. Jibu lako linakuja, ila usiruke mistari. Nataka uteseke kidogo kama nilivyoteseka mimi.

Nilikueleza kwamba kampuni ya kufunga mitandao isiyotumia waya ilitaka mafundi wawili wawili, wenye cheti cha awali, wa kuzunguka miji ya mbali. Mmoja wetu angeanguka mtihani, mwenzake angepewa fundi mwingine waondoke, na aliyeanguka angebaki kurudia mafunzo. Fikiria, Dada, mapazia yetu ya harusi bado yana mikunjo ya dukani, halafu tutenganishwe! Nilikuwa nikimtazama mume wangu akinywa chai, nikawaza kwamba hata kikombe chake kitupu kitaniliza.

Mtihani wa kuandika haukunitisha. Uliotutisha ni ule wa vitendo: mmoja anasimama juu ya paa la chuo, mwingine juu ya paa la ghala ng'ambo ya barabara kuu, kila mtu na antena yake, mpaka zitazamane sawasawa na mawimbi yapite. Mazoezini tulikuwa kichekesho. Shemeji yako hawezi kukaa bila kugusa kitu. Nikigeuza yangu, naye anageuza yake, tukawa kama watu waliopotezana sokoni, kila mmoja anazunguka kumtafuta mwenzake. Mkufunzi wetu, tunayemwita Mzee Nati kwa jinsi mifuko yake iliyojaa nati inavyolia akitembea, alitupigia kelele kutoka chini: “Maharusi, mkitafutana wote wawili, nani atapatikana?” Darasa zima lilituita Maharusi tangu siku hiyo.

Siku ya mtihani nikapanda paa la chuo, yeye la ghala. Sikumwona hata kofia. Nilishika redio ya mkononi, ndipo nikasikia sauti yake, imetulia kama maji ya mtungini: “Nimetulia. Nitafute.”

Dada, nimeambiwa maneno mengi matamu na mwanamume huyu, lakini hayo yaliyapita yote.

Nikageuza antena polepole. Kipimo kikapanda, kikasimama, taa ya kijani ikawaka. Akaniambia nikaze nati, tumemaliza. Chini Mzee Nati alikuwa anaangalia saa. Lakini namba ya kipimo ilikuwa ndogo kuliko tuliyoipigia hesabu kwa umbali ule. Antena ni kama tochi: ina mwanga mkubwa katikati na vimwanga hafifu pembeni, na ukinasa cha pembeni unaweza kudhani umefika. Nikamwambia hapa sipo, naachia. Akasema yeye hasogei, niamue mimi.

Nikageuza. Kipimo kikaporomoka, taa ikazimika, na mwanafunzi mmoja huko chini akasema, “Wameachana.” Wakacheka. Mimi nikaendelea, unywele kwa unywele, mpaka namba zikaanza kupanda tena, zikapita pale pa kwanza, zikapita mbali. Hapo nikatulia mimi, naye akanitafuta. Mzee Nati alipoona kipimo alikuna kidevu, akasema hajapata kuona mtu akiacha kizuri akapata bora bila kubadilisha mume.

Ndiyo, Dada. Tumefaulu. Wote wawili. Vyeti viko ukutani, kando ya picha ya harusi, na tunaondoka pamoja.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata wewe hulijui. Baba aliamini nasomea kukaa ofisini na kupokea simu, nami nikamwacha aamini, kwa kuogopa kwamba angenikataza. Jana nilimpigia nikamweleza kila kitu: ngazi, mapaa, nguzo. Ilinibidi, maana kazi yetu ya kwanza ni kwenu hapo, kwenye paa la zahanati inayotazamana na duka lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Mkanda wa kujifungia huko juu unao wako, au mnaazimana?” Nikamjibu ninao wangu, mpya. Akasema basi siku hiyo hatauza kitu. Atatoa kiti nje akae atazame.

Hapo ndipo nililia, nakiri.

Wabusu watoto, msalimie shemeji yangu, na umwambie Mama mahari aliyotoa mume wangu haikupotea bure, ndivyo anavyoniamuru niandike. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, na ngazi yetu.

Mdogo wako mwenye furaha isiyo na kifuniko