Sehemu ya Mugeni ndani ya Tanki ya Wanga

Mama mukwe mupendwa,

Huku Nyabiondo mvua inanyesha tangu asubui, muhogo haujafika kwenye fabrike ya wanga, njo nimepata nafasi ya kukuandikia. Kule uliko, chini ya udongo, barua haifikake. Acha niandike tu, moyo wangu utulie.

Unakumbuka juma ya kwanza ya kutengeneza wanga? Wewe ulikuwa mukubwa wa tanki, mimi musaidizi wako. Jioni moja, maji ya wanga ikiwa imebakia kufika magoti, ukazima masini ya kukoroga, ukaacha ile iliyobakia ilale. Ulisema sufuria haimalizwe mpaka chini, mugeni anaweza kufika.

Mama yangu, mugeni gani anakulaka wanga mubichi! Asubui ilikuwa imeganda chini, ngumu sawa simenti. Tukawasha, mapanga mawili ya kukorogea yakagoma, motere ikatoa moshi. Siku nzima tulilima ndani ya tanki na majembe, wewe unaimba nyimbo za kanisa, mimi nacheka mpaka mbavu inauma.

Kisha mukubwa wa kooperative, ule ushirika wetu, akafika, akasema mwenye kosa atarudi shamba. Ukamujibu mbele ya wamama wote: "Ni mimi. Huyu aliniheshimu tu." Ukabeba jembe lako ukaenda, na tanki ikabakia kwangu.

Sasa naijua vizuri. Maji ikishuka, panga la juu linapiga hewa na kurusha povu tu. Kazi yote iko kwa lile la chini. Napunguza mbio, lakini sizimi mpaka ndoo ya mwisho itoke. Ungeona, ungenicheka vile najipaka wanga mpaka kwenye nyusi.

Lakini kuko neno sikukuambia. Ile jioni nilijua itaganda. Kwetu Walikale nilikuwa nimeona wanga ikikaza ndani ya beseni. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mama ya bwana yangu, na muke wa mutoto hamukatalie mama mukwe.

Jana nilichoka, nikanyosha mukono nizime mapema. Mama mumoja mupya, hana hata juma mbili hapa, akanishika mukono. "Mama, bado. Chini iko wanga." Wote wakageuka kuona kama nitakasirika. Nilimukumbatia na wanga yangu yote, tukacheka.

Ningekushika mukono vile, Mama, ungezeekea kwenye tanki yako. Unisamehe, na upumuzike vizuri.

Muke wa mutoto wako