Baba Aliponiozesha Jukwaani

Jumanne, 10 Agosti 1999

Mazoezi tena baada ya alasiri. Koo limekauka. Wimbo wa kuingia bibi arusi bado naupandisha mno. Kioko, mwongozaji wetu, amenirudisha mlangoni kila mara.

Napenda kuigiza kuliko ninavyokiri. Mwezi ujao naenda chuo kikuu, Nairobi. Huu ni mchezo wangu wa mwisho na nataka uwe mzuri. Basi.

*Arusi ya Mwanasha* imepita mikono mingi kabla ya yetu. Walimu wa Kwale ndio walioitunga, nyimbo na maneno. Ikapelekwa Mombasa, kisha Nairobi, watu wakakosa pa kukaa. Kisha hoteli za Diani zikaichukua na kuikata. Wageni walitaka ngoma na viuno, maneno hawakuyataka, kwa hivyo hata ndoa yenyewe ikaondolewa. Arusi isiyo na ndoa. Baada ya fujo za huku pwani za mwaka wa tisini na saba hoteli zikabaki tupu, mchezo ukafa. Kioko alikuja kutoka bara kutumbuiza wageni, na wageni walipokwisha hakurudi kwao. Sasa anaufufua hapa Msambweni, mzima, kwa wenye lugha yao.

Alhamisi, 12 Agosti

Mzee anayecheza baba wa Mwanasha amekwenda kuzika Kinango. Jumamosi, siku ya onyesho, hatakuwapo. Kioko akamgeukia babangu, mpiga ngoma wetu, anayejua maneno yote kwa kuyasikia tu. Akakubali kabla hajamaliza kuombwa.

Nimefurahi. Nimeona haya pia. Babangu hajawahi kuniambia chochote kuhusu kuimba kwangu.

Bwana arusi, Hamisi, anachezwa na Salim wa Funzi. Mpole, sauti nzuri, na hatoki nje ya maneno aliyopewa hata paa likianguka. Simtaki, hanitaki. Ana mchumba kijijini Mkwiro. Ndiyo maana tunafanya kazi vizuri.

Jumapili, 15 Agosti

Nitaandika ilivyokuwa jana, bila kupamba.

Ukumbi ulijaa. Wanawake upande huu, wanaume upande ule. Nyimbo zilikwenda vizuri, hata ule wangu. Ikaja ndoa. Maalim Juma, ambaye ni mwalimu wa madrasa kweli, alikaa kati. Mashahidi wawili kando. Babangu akamshika Salim mkono kama ifanywavyo. Alitakiwa kusema: nakuozesha binti yangu Mwanasha. Alisema: nakuozesha binti yangu Zuhura, kwa mahari tuliyopatana.

Zuhura ni mimi.

Salim akajibu, minong'ono ya ukumbini ikamfunika. Tukaimba wimbo wa mwisho. Vigelegele vilianza, vikakatika. Nyuma ya pazia Maalim alikuwa ameketi sakafuni, kilemba mkononi.

"Bakari," alimwambia babangu, "ndoa haina mzaha. Ukiisema kwa mchezo, umeisema."

Kioko alicheka. "Lakini Maalim, si tulikuwa tunacheza tu?"

"Ndilo ninalolisema."

Kila kitu kilikuwapo. Baba mwenye haki ya kuniozesha. Mashahidi Waislamu. Mahari. Jina langu. Kote mchezo ulikopita, baba wa jukwaani alikuwa mtu baki. Sisi ndio wa kwanza kuweka baba na bintiye, tukajiona wajanja.

Jumatatu, 16 Agosti

Dukani wananiita bibi arusi. Shangazi Mishi amenisimamisha njiani mbele ya watu. "Fungate gani hii, mwanangu, unakaa peke yako? Au mume umemwacha jukwaani?" Nilimwamkia shikamoo nikapita.

Mamake Salim amekuja na kapu la samaki. Yeye hakutania. Alisema kama Mungu ameandika, yeye hakatai mkwe msomi. Mamangu akampokea kapu kwa adabu. Niliwachukia wote wawili.

Kama ni ndoa, itabidi niachwe. Nitaingia chuoni nikiwa mtalaka wa mtu ambaye sijawahi kunywa naye chai. Au asiniache. Mamake anaweza kumshawishi. Kwa mchumba wake Mkwiro wameshauliza habari.

Babangu hali chakula. Ngoma yake iko uani, ngozi imelegea kwa umande. Namkasirikia. Namhurumia. Naogopa.

Jumatano, 18 Agosti

Kwa kadhi, Kwale. Babangu, Maalim, Salim, mimi. Kioko alikuja pia, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

Kadhi alimtaka babangu arudie maneno yake. Aliyarudia kwa sauti ya mgonjwa. Kisha Salim akaulizwa alijibu nini.

"Nilijibu ilivyoandikwa, sheikh. Mimi Hamisi nimekubali kumwoa Mwanasha."

"Hukusema Zuhura?"

"Zuhura hayumo mchezoni, sheikh."

Kadhi alijifunika uso kwa mkono wa kanzu. Nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka.

"Huyu kaozesha mmoja, huyu kaoa mwingine. Hapana ndoa hapa." Akamtazama babangu. "Nawe, Bakari, rudi kwenye ngoma yako."

Tukatoka nje. Niliketi kwenye ngazi nikacheka mpaka nikalia. Salim alisimama kando, hajui aangalie wapi. Nikamshukuru kwa kukariri vizuri. "Si neno, dada," akasema. Dada. Sijapata kulipenda neno hilo hivyo.

Mamangu amepika wali. Babangu amekula sahani mbili.

Jumamosi, 21 Agosti

Tumecheza tena, alasiri. Mzee wa Kinango amerudi kwenye nafasi yake. Alipotamka Mwanasha, ukumbi mzima ulishusha pumzi, kisha vigelegele, virefu, mpaka nikakosa pa kuanzia wimbo. Shangazi Mishi ndiye aliyevianza. Babangu alinipigia pigo la kuingilia, taratibu, akanisubiri.

Tulirudi kwa miguu. Yeye na ngoma kubwa, mimi na ndogo. Nilimwuliza ilikuwaje siku ile. Akahamishia ngoma bega la pili.

"Ulitoka umevaa vile, unaimba. Nikasahau kama ni mchezo."

Tukafika nyumbani. Nimekunja nguo za safari, zimebaki za kufua tu.