Chumba cha Kimya Nyuma ya Nyumba

Jumapili, 20 Julai 2025

Leo siku ya nne tangu turudi mjini. Mpunga umefika salama kwa trekta, magunia yote, Mungu ashukuriwe. Ila Luciana hajafika. Mwili wake tu ndio umefika. Mke wangu huyu alicheka kutoka shambani Lupiro hadi darajani! Alimwambia dereva wa trekta anaendesha kama anapeleka bibi harusi. Tulipoingia Ifakara akanyamaza. Tangu Ijumaa amelala, uso kautazamisha ukutani. Hata chai haimalizi.

Mwaka wa tatu sasa, hivi hivi. Miezi ya shambani ni mzima, anaimba, anakula. Tukirudi kwenye nyumba ya tofali yenye umeme — anazima yeye. Mwaka jana hospitali walisema ni sonona. Vidonge anameza bila kukosa, mimi mwenyewe nashuhudia. Nesi mmoja wa pale aliniambia: baba, na nyumba nayo inatibu. Mgonjwa wa hivi anahitaji mwanga, hewa, usingizi na watu. Nikaitika ndiyo, ndiyo. Nikaenda zangu kulima.

Leo katika Misa, wakati wa matoleo (Bwana anisamehe, sikuwa nasikiliza), nikaiona nyumba yetu kichwani kama picha. Madirisha madogo utadhani tumejenga kumchungulia mwizi. Sebule giza saa sita mchana. Nikaamua. Namtengenezea Luciana mahali pa kupona. Akiendelea hivi hadi mvua za kulima, shamba nitalirudia na nani?

Jumanne, 22 Julai

Fundi Gaudensi amekuja na futi yake. Nimemwonyesha stoo ya mpunga, ile ya nyuma kwenye migomba. Mbali na barabara, mbali na bodaboda, mbali na maneno ya watu. Nimemweleza mpango: dirisha kubwa, wavu wa mbu, dari, rangi ya bluu ya Mama Maria. Kitanda kimoja, meza, msalaba. Basi. Kimya.

Mawazo haya nimeyatoa mafungoni, kwa masista, tulipopelekwa sisi makatekista. Siku tatu hakuna kusemeshana. Nililala kama mtoto mchanga! Nilirudi nimenenepa.

Gaudensi akakuna kichwa. "Katekista, shikamoo yako naiheshimu, lakini hii si seli?" Nikamwambia achanganye saruji.

Jumamosi, 26 Julai

Vumbi. Magunia ya mpunga yako sebuleni, wageni wanayakalia. Luciana hajauliza tunajenga nini. Dirisha limekaa — jua la asubuhi linaingia hadi miguuni pa kitanda. Nilisimama pale peke yangu nikatokwa na machozi kidogo. Ya furaha.

Ijumaa, 1 Agosti

Amehamia! Nilimshika mkono nikamwingiza. Akazunguka, akagusa ukuta, akasema asante Baba Octavian, umejitahidi. Akalala.

Nimepita kwa majirani wote kuwaomba wasije kwanza, mgonjwa anapumzika. Hasa Dativa. Dativa ni jirani yetu hapa mjini na ni jirani yetu wa shamba pia, na sauti yake haihitaji simu. Akanuna. Akaniuliza hadi lini. Nikamjibu hadi apone.

Rozari nimesali mafungu yote. Nina matumaini makubwa.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya sita. Nilitaka kimya, nimekipata. Lakini si kile cha masista! Hiki kinanikaa kifuani. Namletea uji, narudi nauchukua umeganda. Jana hakuoga. Leo nimemkuta macho wazi, anatazama dari. Nikamuuliza unawaza nini, Mama Octavian. Hakuna, akasema. Yaani hakuna.

Nimekaa nje ya mlango na Biblia mapajani, sikusoma hata mstari. Bwana, nimekosea wapi? Dirisha lipo. Hewa ipo. Usingizi hata umezidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Lazima niandike yote, bado nacheka.

Saa nne asubuhi Dativa kaja. Hakubisha hodi. Nikajipanga mlangoni. "Dada, tulikubaliana." Akasema, "Ulikubaliana na nafsi yako! Umemfungia mwenzetu stoo kama mbegu?" Nikamsihi ashushe sauti. Ndiyo kwanza akaipandisha! Akazunguka upande wa migomba, akasimama pale mikono kiunoni, akapiga ile kelele ya kuamia, ya kufukuza ndege mpungani:

"Haaaa-hoo! Mama Octavian! Wamehamia kwako hao! Wanamaliza mpunga wewe umelala!"

Nikafumba macho. Nikasema basi, mke wangu kaumizwa.

Kutoka ndani, sauti kavu, kama bawaba isiyotiwa mafuta: "Haaa-hoo. Wamekataa wa kwangu. Wanasema wanautaka wako, huna nguvu ya kurusha bonge la udongo."

Dativa akakaa chini kwa kicheko. Na mimi pia. Na yeye! Kidogo, lakini nimekisikia.

Baadaye Luciana akaniita nikae kitandani. Akaongea, taratibu, zaidi ya alivyoongea tangu tuvuke daraja. Akasema shambani yuko juu ya dungu — kile kichanja chetu cha miti, hakina hata ukuta mmoja. Kule kwa Dativa kuna dungu, kwa Fausta wa jumuiya yetu kuna dungu, kwa Wasukuma wale wapya kuna dungu. Kutwa kucha wanaitana. Akasinzia tu, mtu anapaza sauti: wewe, mbona kimya? "Huku nikinyamaza," akasema, "hakuna anayejua kama nimenyamaza."

Nesi alitaja vitu vinne. Mimi ninayewafundisha watoto kukariri amri kumi nimeshika vitatu! Cha nne nilikwenda nyumba kwa nyumba kukifukuza.

Jumatatu, 11 Agosti

Gaudensi kaitwa tena. Hakusema "nilikwambia", ila uso wake ulisema. Kazi: kibaraza mbele ya nyumba, kinachotazama barabara na bomba la maji wanapopanga ndoo akina mama. Kiinuliwe hadi kifuani pa mtu, ngazi sita, ukingo mfupi tu pembeni, juu bati. Na ukuta wa sebule unaokutana nacho tuutoboe, tuweke lile dirisha kubwa. Ndiyo, tunaling'oa kule nyuma. Luciana amerudi chumbani kwetu, mpunga umerudishwa stoo, ndani ya rangi ya bluu. Mpunga wangu sasa unaishi kitawa.

Luciana alitoka saa tisa, kajifunika shuka, akasimama dakika chache. Akamwambia Gaudensi ngazi ni nyembamba, mtu mwenye ndoo kichwani atapandaje? Gaudensi akabomoa akaanza upya bila kubisha. Kisha Luciana akachoka, akarudi ndani.

Mtaa mzima umepata habari. Bodaboda mmoja alisimamisha pikipiki: "Mzee katekista, unajenga dungu mjini? Unatuamia sisi?" Nikamjibu kwa kuwa mnakula kama ndege, ndiyo. Wakacheka hadi bombani. Zamani ningeona aibu.

Jumamosi, 16 Agosti

Zamu ya sala ya jumuiya imefika kwetu. Nilitaka kuomba iahirishwe, saruji ya ngazi bado mbichi. Luciana jana akasema waje. Akasema labda atakaa nao.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nimemkuta uso ukutani. Nilimgusa bega. Akasema salini tu bila mimi. Nikajikumbusha nesi alivyosema, siku mbaya zitakuja katikati ya nzuri, usihesabu kwa siku moja. Nikamwachia chai. Dirisha nimefungua lote.

Wamekuja kumi na saba. Wamejaa kibaraza, wengine wako kwenye ngazi, nyayo zao zimeingia kwenye saruji, Gaudensi atalia. Tumesali. Tumeanza wimbo. Fausta kaanzisha juu mno kama kawaida yake, sauti zinapasuka. Nami nimeingia ndani kuchukua daftari la mahudhurio na kumwangalia.

Amekaa kitandani. Miguu iko chini. Anasikiliza, kakunja uso.

"Nani kaanzisha hivyo?" akaniuliza. "Ubeti wa tatu hawatoki salama."

Nikamwambia Fausta. Akatikisa kichwa. Akauliza kitenge chake cha WAWATA, sare ya akina mama Wakatoliki, kiko wapi, atoke nacho.

Mimi ndiye niliyefua nguo wiki zote hizi. Sijui nimekiweka wapi! Sandukuni hakimo. Kwenye kamba hakipo. Nimekimbilia stoo, naandika haya juu ya gunia — anapaza sauti kutoka chumbani, wewe mwanaume usiniambie unaandika, tafuta. Nimepata kilemba chake. Kitenge bado. Nje wameingia ubeti wa pili