Sikunywa Damu Yako, Pacha Wangu

Pacha wangu Benedikto,

Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unaufungua bila kujibu. Basi nakuandikia hapa mtandaoni, mbele za watu, asije mtu akasema nimekunong'oneza jambo.

Unakumbuka Hanga, tulivyobatizwa siku moja, wewe ukapewa jina la mtakatifu wa watawa wa monasteri ya pale na mimi la dada yake pacha? Mama alitupikia chungu kimoja mpaka tukawa watu wazima. Hata tulipohamia mtaa wa Mfaranyaki na kujenga nyumba zinazopakana, jioni tulikula pamoja, ugali uleule, chumvi ileile. Siku ulipoanguka ukipakia magunia ya mahindi, nilikupeleka hospitali, wakatupima presha wote wawili. Yako ilikuwa juu sana. Yangu ilikuwa kama ya msichana. Tulikuwa tumevuka arobaini kidogo tu. Nilikutania kwamba nyinyi wanaume mmeumbwa kwa udongo mwepesi. Hukucheka. Uliniangalia mikono.

Baada ya hapo nilianza kuona mambo. Ukija kwangu unakuja na maji yako kwenye chupa. Kanisani ukahamia benchi la mbali. Kwenye msiba wa mama ulikula kwa jirani, sahani niliyokupakulia ikarudi jikoni na wali wake. Nilipokuuliza, ulijibu ukitazama pembeni:

"Tumezaliwa siku moja, tumekula chungu kimoja. Kwa nini naugua mimi tu?"

Hapo nikajua unadhani nimekuroga. Haikupita muda ukahamia mbali, Namasakata.

Miaka ikaenda. Hedhi yangu ilipokoma, usingizi ulinikimbia na kichwa kikawa kinagonga. Zahanati wakanipima, wakakuta presha imezidi ile uliyopimwa wewe. Nikuambie ukweli, jina la kwanza kunijia lilikuwa lako. Nilidhani umenirudishia.

Nesi aliniuliza umri, kisha akauliza kuhusu hedhi. Akaeleza kwamba mishipa ya damu huzeeka na kukakamaa kwa kila mtu, ila si kwa mwendo mmoja. Kwa wanaume wengi presha huanza kupanda mapema. Mwanamke ambaye hajakoma hedhi, homoni zake husaidia mishipa ibaki laini. Zikipungua, mishipa inakakamaa haraka, presha yake inaifikia ya mwanaume na pengine kuipita. Sikumwamini. Nilihisi ananibembeleza tu. Nikaenda kituo kingine, nikanyamaza kuhusu kile cha kwanza, nikaambiwa yaleyale.

Shangazi alipopata habari alikuja, hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri, akafunga mlango.

"Zamu yako imefika," akasema. "Kaka yako kapona huko. Unadhani ugonjwa wake umekwenda wapi?"

Akasema anamjua mganga wa kuurudisha ulikotoka. Nilimtazama, nikakumbuka jinsi nilivyokuwa nikipishana naye mlangoni kwako wakati ule, na mazungumzo yenu yalivyokuwa yakikatika nikibisha hodi. Ni yeye aliyekutia maneno hayo, Benedikto? Au ulianza mwenyewe, yeye akapalilia? Sijui mpaka leo. Nilimwambia aondoke, na tangu hapo simwamini yeye, wala wewe sijakuamini bado. Mtu aliyekuangalia mikono kwa namna ile si rahisi kumwamini tena.

Ningeyaacha yapite. Lakini wifi kanipigia simu, akizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba anaiba. Anasema uliacha vidonge vya presha mara tu ulipohama, kwa kuwa ulishakuwa mbali nami. Anasema siku hizi mkono wako wa kushoto unakufa ganzi, na juzi ulishindwa kufunga kifungo cha shati.

Benedikto, kunikimbia hakukukuponya. Mishipa yako ulihama nayo, na inazidi kuzeeka hukohuko Namasakata, kama yangu inavyozeeka hapa. Sikukuchukulia kitu, nawe hukunirudishia kitu. Mwenzangu ulitangulia kuugua tu.

Sikuombi urudi. Kama bado unaniogopa, niogope. Usinisalimie, usile cha kwangu, waambie na wanao wasinikaribie. Lakini leo hii wifi akupeleke hospitali, uwaeleze habari za huo mkono, na wakikupa dawa umeze, kesho umeze tena, hata kama unaamini ni mimi.

Ni mimi uliyezaliwa naye siku moja,
dada yako, Skolastika.