Dakika Arobaini Nilizokuahidi Siku ya Baraza

Mtwara,
Jumapili jioni.

Kaka Projestus,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi. Mgongo wake vipi, bado unamsumbua akiinama? Kahawa mmeshaanika, au mvua bado inawachezea? Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo mgonjwa.

Tangu siku ile ya baraza hupokei simu zangu, na sikulaumu. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ndiko nilikokudanganya, na sidhani kama ningeweza kusema ukweli palepale. Barua hii naituma kwa basi, utaichukua Omurushaka.

Unajua nilivyohangaika jirani alipoanza kudai kipande cha chini cha kibanja chetu, kile chenye kaburi la Tata, baba yetu. Nilizunguka Mtwara yote nikimtafuta yule mpima ardhi aliyepima kwetu tukiwa wadogo, akaja kustaafia huku. Nilipompata, mzee wa watu alinitolea stoo kompyuta yake kuukuu, imejaa vumbi na mayai ya mjusi. Ramani zetu zilikuwa ndani ya diski ya zamani, zile zinazounganishwa kwa mkanda mpana wa nyaya. Nikaibeba kifuani hadi kazini kama mtoto mchanga.

Hiyo ilikuwa Jumanne mchana, na baraza lilikuwa Jumatano saa tano. Ramani ile huku hatukuwa na programu ya kuifungua, ila bwana ardhi wa Kayanga alikuwa nayo. Ilibidi nimtumie furushi zima, afungue, achapishe, wewe uwapelekee wazee. Furushi lilikuwa megabaiti elfu nne na mia nane. Laini ya mnara wetu ni ya zamani, kasi yake mbili kwa sekunde. Nikagawanya kichwani, nikapata dakika arobaini. Nikasema aa, kazi ndogo hii, nitatuma asubuhi. Nikaenda nyumbani, nikapika samaki, nikalala.

Sasa sikiliza kosa langu. Sisi watu wa simu kasi ya laini tunaipima kwa biti. Diski inapima kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Ile mbili ilikuwa megabiti, mimi nikaigawanya kana kwamba ni megabaiti. Ni sawa na mtu aliyeona debe akaandika gunia. Dakika arobaini mara nane ni masaa matano na dakika ishirini. Miaka tisa nafanya kazi hii, kaka! Wageni wakija kazini, hilo ndilo jambo la kwanza ninalowafundisha, tena kwa maringo.

Jumatano saa tatu nikaanza kutuma, nikakupigia: "Waambie wazee wasiwe na wasiwasi, saa nne ramani itakuwa Kayanga." Saa nne ikapita. Nikatazama ule mstari kwenye kioo, umesogea kidogo tu, ndipo nikaelewa. Ningekupigia saa ile ile, ungeweza kuomba siku nyingine. Nilikaa nikitazama mstari, nikiona aibu.

Saa sita ukanipigia wewe. "Jovitha, iko wapi? Wazee wanataka kufunga." Nami nikakujibu, "Kaka, mtandao umekata." Nikakusikia ukiwaambia hivyo hivyo, na simu iko sikioni mwako. Halafu nikamsikia mwenyekiti: "Mtandao umekata, na huyo unayeongea naye yuko dirishani?" Watu wakacheka. Kicheko kile bado kiko masikioni mwangu.

Mtandao haukukata, kaka. Ulikuwa mzima asubuhi yote. Ramani ilifika saa nane na dakika ishirini, kama hesabu sahihi inavyosema, na wewe ulikuwa umeshatembea kurudi nyumbani ukiitwa mwongo na Ihanda nzima. Wewe, ambaye hata ukilewa rubisi husemi uongo.

Bwana ardhi anasema karatasi ameichapisha, anayo. Ukitaka kukata rufaa nitakuja, nisimame mimi mbele ya wale wazee niseme nani mwongo. Najua jirani aliyepewa kipande kile ameshaikata migomba ya kule chini. Hata tukishinda, haitasimama tena.

Nisalimie shemeji Adventina, nawe umshukuru kwa ujumbe wake, ingawa umenichoma. Nisalimie shangazi wa Kamuli mkionana, na katekista wetu, aniombee.

Ujumbe wa shemeji unasema mama anawatangazia majirani, "Jovitha wangu alipigana hadi mwisho, ni mtandao tu uliomwangusha." Kaka, nililia mpaka wenzangu wakafunga mlango. Msomee mama barua hii yote, usiruke mahali, hata pale pa samaki. Akinyamaza, mwache. Akikasirika, aseme anachotaka, nimestahili. Na akisema mtoto wa namna hii asikanyage tena kaburi la baba yake, mjibu kwa upole kwamba sasa hata ningetaka, nitabisha hodi kwa jirani kwanza.

Mdogo wako asiye na uso,
Jovitha