Picha Yako Ilikuwa Forodhani, Wewe Ulikuwa Edani

Maskati, Jumatatu alasiri

Kwa dada yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada, na kama marahaba inakukwama kooni, iache, sitakulaumu. Habari za hapo nyumbani Ng'ambo? Mguu wa Mama umepungua kuvimba? Na wewe, unakula? Mimi ni mzima wa mwili. Bibi ninayemtunza huku naye hajambo, anadai supu yake kila saa kumi na mbili jioni, na akiipata anasema haina chumvi. Barua hii nampa mtu anayerudi Unguja, kwa sababu simu zangu hupokei, na kusema kweli simu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nataka nikuhadithie tangu mwanzo, maana uliyoyasikia umeyasikia kwa vipande, tena kwa watu.

Nilipoondoka, sisi wanne, wewe, mimi na shoga zetu Rukia na Salma, tulikubaliana kuoneshana kwenye ramani ya simu kila mmoja yuko wapi, saa yoyote. Wazo lilikuwa langu. Nilisema nikiwa mbali nataka niwaone mnavyotembea. Na wallahi nilikuwa nawaona. Jumamosi jioni nakaa jikoni huku natazama vijipicha vyenu vitatu vimebanana Forodhani, najua mnakula urojo na Salma anaomba pilipili zaidi. Changu kilikuwa peke yake ng'ambo ya bahari, hakiendi popote, kwa sababu mimi siendi popote. Safari yangu ndefu huku ni mpaka kwenye pipa la taka.

Kisha akafariki mumeo, shemeji yangu, Mungu amrehemu. Sikupata ruhusa ya kuja msibani, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ukaingia eda, ukanyamaza kwenye kundi letu, nikasema ni huzuni, nisikusumbue. Miezi miwili na zaidi picha yako haikutikisika pale nyumbani.

Mwezi wa tatu wa eda, siku moja alasiri, nafungua simu naiona picha yako Forodhani. Nikakisugua kioo kwa kanga. Kesho yake ikawa njia ya kaskazini, ikafika Mkokotoni, ikakaa pale sokoni saa nzima. Mjane akae ndani miezi minne na siku kumi, na wewe unazunguka kisiwa! Nilipaswa kukupigia nikuulize. Sikupiga. Nitakwambia ambalo nimemwambia mtu mmoja tu: niliona wivu. Mimi nimefungika ndani ya nyumba ya watu, na wewe uliyetakiwa kukaa ndani unapunga upepo wa pwani. Basi nikaipiga picha ile ramani, nikampelekea Rukia, nikaandika: "Siku hizi eda inakaliwa Forodhani?" Nikatia na vile vijiuso vya kucheka, vitatu.

Unaujua ulimi wangu. Niliona nimefanya mzaha. Rukia akamwonesha mama yake, na mama yake anakaa darsa moja na wifi yako. Haikufika Ijumaa, picha ile ikawa mkononi mwa Bi Mkasi, mama mkwe wako, aliyekuwa hakuiti jina ila mwanangu.

Maneno yaliponirudia huku yamenenepa, eti una mchumba Mkokotoni, ndipo nilipoipiga namba yako. Akapokea jirani yako, Bi Mwanaidi.

"Naam, nani mwenzangu?"

"Mie Saada. Nipe dada yangu."

"Nduguyo yumo ndani kwake, atoke ende wapi? Simu hii nnayo mie tangu alipoingia eda. Wateja wake wa kofia si wanaume watupu? Hataki waisikie sauti yake mpaka amalize. Yeye anashona, mie nnazungumza nao, na kofia ikisha nnaipeleka mwenyewe. Mbili alozianza kabla ya msiba zishakwisha, moja nshaipeleka Forodhani, moja Mkokotoni. Kwani kuna nini?"

Mimi niliyekua nakutazama unazishona kofia za viua, tundu kwa tundu, nilisahau kwamba moja tu inakula miezi. Ndiyo maana simu ilitulia siku zote zile, ikingoja kofia ziishe. Nyumba ya Bi Mwanaidi na yako ukuta ni mmoja, ramani itajuaje? Wewe uliitoa simu mkononi ili eda yako isiingie doa, na doa nikalitia mimi. Supu ya bibi iliungua siku ile, nikatukanwa, nikaona haki yangu.

Nilimwambia Rukia ukweli, akalia, akamwambia mama yake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Siku yako ya kutoka eda, mkweo na mawifi ndio waliotakiwa kuja kukuosha, wakuvishe, wakufukize udi. Salma amenieleza yalivyokuwa. Mama na mguu wake ndiye aliyekuosha, Bi Mwanaidi akishika ndoo, na sinia la wali ulilowapikia wakwe likarudishwa jikoni halijaguswa.

Halafu ile mara moja ulipopokea simu yangu. Ulisema, "Wangesema watu baki, nsingejali. Wakwe zangu wameamini kwa kuwa alosema ni ndugu yangu wa tumbo moja." Ukakata. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, nami siku zote nilidhani wanasemwa wengine.

Ile ramani nimeizima. Nilidhani kujua ulipo ndiyo kukujua, na wewe ni dada uliyenibeba mgongoni.

Nimempigia Bi Mkasi pia. Nilimweleza yote, hata wivu. Akasema, "Nshakuelewa. Lakini ntamtazama vipi usoni? Siku ya kutoka kwake mie nlikaa kwangu, mlango nikaufunga." Dada, yeye hana hasira nawe tena, ana haya. Wewe unangoja aje, na yeye haya haimwachi, na kati yenu nimesimama mimi.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya kuchua ya mguu wake imo kwenye mfuko uliokuja na barua hii. Msalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi wa Kikwajuni. Msalimie sana Bi Mwanaidi, namshukuru kwa kukusitiri. Bi Mkasi sithubutu kumsalimia kupitia kwako.

Nimepata ruhusa ya wiki mbili, mwezi ujao nakuja. Sitaanzia kwako. Nitaanzia kwenye darsa, niseme mbele ya wanawake wote kwamba nilikusingizia. Kisha nitakwenda kwa Bi Mkasi, na akikubali nitamshika mkono nije naye. Asipokubali, nitakuja peke yangu. Na usiponifungulia, nitakaa barazani kwako mchana kutwa, na kila mpita njia atakayeuliza Saada amekosa nini, nitamwambia.

Mdogo wako,
Saada